Kijana wangu alifunguka kikaoni, sasa ameumia. Niendelee na utaratibu huu au niuache?

MsimamiziKizota (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Mimi ni msimamizi wa maofisa mikopo saba kwenye taasisi moja ndogo ya fedha hapa Dodoma mjini. Kazi hii wengi mnaijua. Saa mbili asubuhi kikao, saa tatu kila mtu anawasha pikipiki anakwenda kwenye vikundi vyake: Nkuhungu, Chang'ombe, Kizota, wengine mpaka Hombolo na Bahi. Jioni wanarudi na marejesho na vumbi. Ofisa anapimwa kwa jambo moja tu, marejesho yamefika au hayajafika, na kila kikundi kina rangi yake kwenye kishikwambi. Ukiwa kijani unalala. Ukiwa mwekundu, simu ya makao makuu inakukuta kabla hujanywa chai.

Mwezi wa tatu makao makuu walituletea mwezeshaji kutoka Dar, akakaa nasi siku mbili. Somo lake lilikuwa kwamba watu wanaofanya kazi huku wameficha yanayowalemea hawawezi kusaidiana, na kwamba kiongozi akitangulia kuonyesha anapopungukiwa, walio chini yake nao watathubutu. Akatuachia utaratibu: kila Jumatatu, robo saa ya kwanza ya kikao, kila mmoja aseme jambo moja linalomlemea, liwe la kazini au la nyumbani. Hakuna kumhukumu mtu.

Niliupenda. Bado naupenda, ndiyo maana naandika badala ya kuufuta kimyakimya.

Nilianza mimi. Niliwaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata mke wangu. Miaka sita iliyopita, nikiwa ofisa wa Bahi, nilitumwa kudai rejesho kwa mama mmoja fundi cherehani aliyekuwa amefiwa na mumewe wiki hiyohiyo. Nilifika mpaka karibu na nyumba, nikaona mikeka bado iko nje na wanawake wamekaa, nikageuza pikipiki. Nikakaa chini ya mbuyu zaidi ya saa nzima, halafu nikaandika kwenye ripoti kwamba mteja hakupatikana. Niliona namhurumia. Kumbe kwa neno hilo "hakupatikana" aliingizwa kwenye orodha ya wanaokwepa, na mwezi uliofuata wenzangu wa ukusanyaji wakaenda wakachukua cherehani. Ningeandika "amefiwa" angepewa muda. Niliogopa kuandika "amefiwa" kwa sababu msimamizi wangu wa wakati ule alikuwa anaita hicho kisingizio cha maofisa wavivu.

Chumba kilinyamaza. Halafu dada mmoja akasema polepole, "Hata mimi ninalo la kwangu."

Jumatatu ya tatu alilitoa. Alikuwa na kikundi cha akina mama kumi Chang'ombe, wawili wakahama bila kuaga, na kwa wiki nane alikuwa anafidia rejesho lao kutoka mfukoni mwake, shilingi 42,000 kila wiki, ili kikundi kibaki kijani. Kabla hajamaliza, mwingine akainua mkono. Kisha wa tatu. Watatu kati ya saba! Ripoti niliyokuwa naipeleka juu kwa kujivunia ilikuwa imepakwa rangi kwa mishahara ya watu wangu. Tulipochimba tukakuta chanzo ni kanuni moja: kikundi kikichelewa wiki moja tu, wanachama wote wanafungiwa mkopo mpya. Ofisa anaona bora alipe yeye kuliko akina mama wanane wasio na kosa wakose mtaji. Tuliandika barua juu, kanuni ikabadilishwa, sasa tunapewa wiki tatu za kufuatilia kabla kikundi hakijafungiwa. Bila ile robo saa nisingejua mpaka leo.

Sasa upande wa pili, ambao unaninyima usingizi.

Kuna kijana wangu wa miaka 27, mpole, ana rekodi nzuri kuliko wote. Jumatatu ya tano akasema mama yake anaumwa tangu Desemba, amekopa laki sita kwa wale kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, deni limezaa, na siku nyingine jioni akihesabu marejesho ya wateja mikono inamtetemeka. Alisema hivyohivyo, "mikono inanitetemeka, naona hela za watu nafikiria dawa za mama." Hajawahi kugusa hata mia. Alilia. Tulimkumbatia, tukachanga shilingi 140,000 palepale. Nilirudi nyumbani moyo umejaa.

Meneja wa tawi huwa anahudhuria kikao, anakaa kwenye kiti cha dirishani na daftari lake jeusi. Jumatano akaniita, akataka kumbukumbu zote za fedha za yule kijana kwa miezi sita. Zikakaguliwa mara mbili. Hakuna iliyopungua. Pamoja na hayo akaondolewa vijijini, akapewa kazi ya kupanga mafaili stoo. Kwa hiyo posho ya mafuta hana, kamisheni hana, na hiyo ni karibu theluthi ya kipato chake, mama bado anaumwa na deni bado linazaa. Kwenye tathmini ya nusu mwaka imeandikwa sentensi moja: "Ana changamoto binafsi zinazoweza kuathiri uadilifu." Wiki iliyopita mteja mmoja wa Nkuhungu akaniuliza, "Yule kijana wenu mwenye madeni yuko wapi siku hizi?" Kwa hiyo maneno yalishatoka nje.

Nilimfuata stoo. Akaniambia, "Kaka, mimi sina kinyongo na wewe. Ila Jumatatu mimi nitakuwa nasema niko salama."

Na sasa wote wanasema hivyo. Jumatatu iliyopita nimezunguka meza nzima: niko salama, namshukuru Mungu. Niko salama. Mimi pia salama. Saba kwa saba. Robo saa ikaisha kwa dakika mbili, tukakaa tunaangaliana.

Nataka kuwa mkweli, meneja naye ana hoja. Zile ni fedha za akina mama wauza mboga. Kijana angeteleza, swali la kwanza lingekuwa nani alijua akanyamaza. Sitaki mniambie tu kwamba meneja ni mbaya. Nataka kujua: kuna namna ya kubaki na kile kilichotokea Jumatatu ya tatu bila kumtendea mtu mwingine kile kilichotokea Jumatatu ya tano? Au nifute tu?

ChaBahati

Futa mkuu. Nimeajiriwa miaka 19, ofisi tatu tofauti, na wenzangu wananijua jina, kazi na timu ninayoshabikia, basi. Mwenzako wa leo kesho mnagombea nafasi moja. Matatizo yangu anayajua mke wangu, kaka yangu wa Manyoni na mchungaji. Huyo mwezeshaji alipanda treni akarudi Dar, nyie mmebaki na mafaili.

MuuguziZamuYaUsiku

Pole kaka, na umpe pole huyo mdogo wetu.

Mimi nakataa kwamba ufute yote. Niko wodi ya watoto. Miaka minne iliyopita, saa kumi alfajiri, nilivuta dawa kwenye bomba la sindano na nilikuwa nimevuta mara kumi ya kipimo. Mwenzangu alinishika mkono kabla sijafika kitandani. Mtoto hakuguswa. Tulikuwa wawili tu, tungeweza kumwaga ile dawa tukanyamaza na hakuna ambaye angejua.

Asubuhi kwenye makabidhiano ya zamu nikasema mbele ya wote. Miguu ilikuwa haina nguvu. Inchaji wetu, yaani muuguzi mkuu wa wodi, hakuniuliza nilikuwa nawaza nini. Aliuliza, "Iliandikwaje?" Tukafungua faili. Ilikuwa imeandikwa nukta tano, bila sifuri mbele, na ile nukta imeandikwa kwa kalamu inayokaribia kuisha wino. Mimi nilisoma tano. Akawapitishia faili wote waliokuwepo, mmoja mmoja, asome kwa sauti alichoona. Wawili zaidi walisoma tano. Tangu siku hiyo wodini kwetu hakuna anayeandika nukta bila sifuri mbele yake, na daktari akisahau tunamrudishia faili.

Sasa sikiliza. Usiku ule mwanangu wa mwisho alikuwa na homa nyumbani, nilikuwa sijalala mchana, mume yuko masomoni. Inchaji angeniambia "funguka, nini kinakusumbua," ningemwaga yote hayo, na yote yangekuwa kweli. Wangenionea huruma. Halafu kosa lingekuwa limeshapata mwenyewe, yule dada mwenye matatizo nyumbani, na nukta ingebaki vilevile ikimsubiri mwingine.

Kwenye Jumatatu yako ya tatu watu walisema kazi ilivyo. Jumatatu ya tano kijana alisema yeye alivyo. Ukisikia la kwanza unaweza kubadilisha kanuni, na mlibadilisha. Ukisikia la pili unabadilisha nini? Mlimkumbatia, basi, halafu aliyebadilishwa akawa yeye.

Miaka ya 1990 kuna mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi na makosa ya dawa. Alitarajia timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache. Zikaonekana zina mengi zaidi. Mwisho akagundua kwamba zilikuwa zinayasema, na zile nyingine zilikuwa zinayaficha. Tulifundishwa hilo kwenye semina na mimi nililielewa mara moja, kwa sababu nilishasimama pale asubuhi.

MpyaKazini_Iyumbu

Shikamooni wakubwa. Nimesoma saikolojia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), sasa niko mwezi wa nne wa majaribio ofisi moja hapa mjini, na kwetu pia kuna hizi Jumatatu.

Mwaka 1966 Elliot Aronson na wenzake kule Marekani waliwasikilizisha wanafunzi mkanda wa mtu anajibu maswali. Kuna aliyejibu karibu yote na kuna wa kawaida. Mwishoni, katika baadhi ya mikanda, mhusika anasikika akijimwagia kahawa. Yule hodari alipojimwagia, watu walimpenda zaidi. Wa kawaida alipojimwagia, walimpenda kidogo kuliko mwanzo. Kosa lilikuwa moja, kahawa ileile.

Nilipoijifunza niliiona kama habari ya darasani. Sasa naiishi. Bosi wetu alituambia aliwahi kufeli mtihani wa uhasibu mara mbili, wote wakasema jamani bosi ni mnyenyekevu. Mwenzangu wa majaribio akasema anaogopa Excel, wiki hiyohiyo kazi ya bajeti akapewa mwingine. Nyie wakubwa mkisema mnapokosea mnaonekana binadamu. Sisi tukisema, tunaonekana kumbe ndivyo tulivyodhaniwa.

Kaka msimamizi, habari ya mbuyu imenigusa na sina shaka ulisema kwa moyo. Ila uliisema ukiwa tayari ni msimamizi, miaka sita imepita. Kijana wako alisema la wiki hiyohiyo. Ungekuwa bado ofisa wa Bahi, ungeisema?

MsimamiziKizota (mleta mada)

Mdogo wangu, marahaba. Hapana, nisingeisema, na sikuisema. Swali lako nimelisoma mara nyingi.

Dada muuguzi, nimeelewa tofauti unayoionyesha, lakini kuna mahali pananishinda. Kwetu la nyumbani na la kazini havikai mbalimbali. Mikono inayotetemeka ni ileile inayohesabu hela. Nikiwaambia "ya nyumbani acheni getini," si ndiyo narudi kuwa yule msimamizi aliyesema msiba ni kisingizio?

KimyaMakole

Naandika kwa sababu hapa hamnijui.

Mimi natumia dawa za sonona, mwaka wa saba sasa. Kliniki yangu ni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Wenye kuishi Dodoma mnajua jina hilo linavyotumika mitaani, mtoto akifanya utundu anaambiwa tutakupeleka Mirembe, mtu akibishana kwenye daladala anaulizwa umetoroka Mirembe lini. Hospitali iko hapo tangu enzi za mkoloni, imetibu watu wengi sana, mimi mmoja wao, na nilihudumiwa vizuri. Lakini jina likishakushika halikuachii.

Ofisi yangu ya zamani tulipelekwa mapumziko ya kazi, tukakalishwa kwa duara, tukaambiwa kila mmoja aseme jambo ambalo hakuna anayelijua. Aliyetangulia alisema anaogopa urefu. Wa pili alisema baba yake alikuwa mlevi, akalia. Nikaona wote wanatoa, mimi nikae nimefumba? Nikasema.

Hakuna aliyenitukana. Walinipa pole, mmoja alinipikia mlenda akaniletea kwangu Jumapili. Ila baada ya mwezi nilikataa kusaini vocha moja ambayo risiti zake hazikuwa sawa, nikapandisha sauti kidogo, na mwenzangu akaniuliza kwa upole kabisa, "Leo umekunywa dawa?" Vocha ilikuwa mbovu kweli. Lakini kuanzia swali lile mazungumzo hayakuwa ya vocha tena. Na ikawa hivyo kila mara. Nikikasirika, ni ugonjwa. Nikicheka sana, ni ugonjwa. Nikinyamaza wananiuliza kama niko sawa. Niliacha kazi baada ya miezi mitano. Hakuna aliyenifukuza.

Sasa sehemu ambayo kaka msimamizi inakuhusu. Kazi ya pili, sikukaa kimya kabisa, maana ukificha kabisa nayo inakumaliza: unadanganya kila mwezi kwamba unakwenda benki, na uongo nao unahitaji kukumbukwa. Nilisubiri miezi minane nikimtazama bosi anavyoongea kuhusu watu ambao hawapo. Hilo ndilo nililokuwa napima. Akimsema Fulani mbele yangu, kesho atanisema mimi mbele ya Fulani. Nikaona hasemi. Nikamwomba dakika kumi, mlango umefungwa. Nikamwambia nina matibabu ya muda mrefu, nahitaji asubuhi moja kila mwezi, na wakati wa kufunga hesabu nisikeshe siku mbili mfululizo. Ugonjwa sikuutaja. Akauliza swali moja tu, "Asubuhi hiyo nani atakushikia kazi?" Nikamtajia. Akasema sawa.

Huu ni mwaka wa tano. Yule nilimwambia ninachohitaji, wale wa duara niliwaambia nilivyo. Kijana wako alihitaji nini? Labda alihitaji siku za kumpeleka mama hospitali, labda mkopo wa mfanyakazi wa kulimaliza lile deni, labda kwa muda asikusanye fedha taslimu, wateja walipe kwa simu. Vyote hivyo vingeweza kusemwa mlango umefungwa, bila machozi yake kuwa mali ya watu saba na daftari.

AfisaUtumishiMstaafuMtarajiwa

Nimekaa idara za rasilimali watu zaidi ya miaka ishirini, niongeze ya sheria kwa kifupi kwa sababu naona hayajaguswa.

Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya mwaka 2022, inatumika. Taarifa za afya ya mtu na za miamala yake ya fedha zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Daftari jeusi la meneja si daftari tu. Mtu akisema kikaoni mama anaumwa na nina deni la laki sita, halafu ikaandikwa, ikahamishiwa kwenye tathmini, ikafika mpaka kwa mteja Nkuhungu, mwajiri ana maswali ya kujibu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuyauliza ipo. Kwa VVU ni kali zaidi, sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya mtu na kukataza kuitoa ovyo bila ridhaa yake. Jiulize siku mtu akilisema hilo kwenye robo saa yako mbele ya watu saba, utafanya nini. Mimi nimeshakikalia kikao cha namna hiyo. Tulimwomba aliyekuwa anaongea asimame kidogo, tukatoka naye nje kabla hajafika mbali. Hadi leo sijui kama tulimwokoa au tulimnyamazisha.

Pili, watu wanatoa siri kwa sababu hawajui haki zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Kuna siku nne za mtoto kuugua au kufiwa na ndugu wa karibu. Kuuguza mzazi hakumo humo, na hapo ndipo vijana wengi wanakwama, kwa hiyo siku za mama yake zitatoka kwenye likizo ya mwaka au kwa wema wa mwajiri. Msimamizi anayejua haya kwa kichwa anasaidia kuliko mwenye bega la kulilia.

Binti wa Iyumbu: aliye chini ya miezi sita kazini kinga ya kuachishwa isivyo halali bado haijamfikia. Jumatatu sema la kazini, tena lile ulilokwisha kulirekebisha.

Msimamizi, ile sentensi ya "changamoto binafsi" kijana aijibu kwa maandishi sasa, kabla faili halijazoeleka. Uadilifu unapimwa kwa kitendo. Ukaguzi haukukuta kitendo. Aombe ripoti ya ukaguzi iwekwe kwenye faili hilohilo, ukurasa unaofuata.

BabuMvumi

Mbukwenyi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Kongwa na Mpwapwa miaka 34. Mjukuu ananisaidia kuandika.

Huyo mwezeshaji hakuwaletea jambo geni, amelikalisha pabaya tu. Sisi Wagogo tuna watani wetu Wanyamwezi. Shuleni kwetu alikuwepo mwalimu mmoja wa Tabora, mtani wangu. Mwalimu mkuu alipokosea, huyo ndiye aliyesema, mbele ya wote, na mkuu hakuweza kukasirika. Hata msibani mtani anasema ya marehemu ambayo watoto hawathubutu. Anasema kwa sababu mila ilishamlinda kabla hajafungua mdomo. Huyo kijana, kabla hajafungua mdomo, alikuwa amelindwa na nini? Na wewe uliyemwambia aseme, ulikuwa na uwezo wa kumlinda, au ulikuwa na nia njema tu?

Mwalimu mkuu wangu wa pili hakuwahi kutuuliza kikaoni habari za nyumbani. Lakini jioni alikuwa anatembea. Leo anasindikizana na huyu mpaka nyumbani kwake, kesho na yule. Hakuandika. Mke wangu alipopoteza mimba mwaka 1981 alijua kwa kutembea nami kutoka shuleni mpaka mtoni, sikumbuki hata kama nilisema. Kesho yake vipindi vyangu vya asubuhi vilikuwa na mtu mwingine, na hakuna mwalimu aliyeniuliza kwa nini.

MsimamiziKizota (mleta mada)

Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Nimewasoma wote. Mzee wangu shikamoo, swali lako la uwezo wa kumlinda nililibeba kwenda nalo kwa meneja, karibu kwa maneno yako yaleyale.

Sikwenda kugombana. Nilimwambia kwamba wiki hizi mbili hakuna ofisa hata mmoja aliyetaja kikundi chenye tatizo, na mwezi wa nne tulikuwa tunataja vitatu vinne kila wiki. Nikamwonyesha kishikwambi, kijani tupu. Nikamuuliza, "Unaiamini hii?" Akakaa kimya kidogo. Akasema haiamini. Yeye naye akaniambia jambo ambalo nitaliacha mlangoni kwake, ila nilitoka nikiwa namwelewa zaidi.

Tulikubaliana hivi. Robo saa ya Jumatatu inabaki, lakini swali limebadilika: nini kiliharibika kazini wiki iliyopita, na kiliandikwaje. Meneja anaingia baada ya robo saa, na daftari linaingia naye. La nyumbani halisemwi mezani. Mwenye nalo ananifuata, na nimehamia kunywa chai ya saa kumi kwa mama mmoja nyuma ya ofisi, mahali ambapo mtu akikaa nami hakuna anayejiuliza. Na nimewaambia mpaka wangu, jambo ambalo sikulisema tangu mwanzo na najuta: ukitaka kuniambia kitu kinachogusa fedha za wateja, nitakuzuia kabla hujaanza nikukumbushe kwamba hilo nitalazimika kulipeleka, kwa hiyo uamue. Kaka mmoja alikuja, nikamwambia hivyo, akanywa chai yake, akaondoka. Keshoye akarudi, akaniambia.

Kijana ameandika majibu yake, nimemsaidia kupanga maneno, na barua ya ukaguzi imeingia kwenye faili. Ile sentensi haijafutwa. Meneja amekubali arudi vijijini kuanzia mwezi ujao kwenye vikundi vinavyolipa kwa simu, na mkopo wa mfanyakazi umeombwa ili lile deni la kausha damu life. Ukikubaliwa nitawaambia. Kilichokwisha kusikika Nkuhungu sina namna ya kukirudisha.

Jumatatu hii yule dada wa Chang'ombe alianza: ameandikisha mteja kwa kitambulisho cha mtu mwingine bila kuangalia picha. Tulikaa nalo dakika kumi, tukaona tatizo ni kwamba tunapiga picha vitambulisho jioni gizani. Wengine wawili walisema yao. Kijana wangu alisema yuko salama, sikumgusa.

Jana akapita mezani kwangu na faili mkononi, akaniuliza kama yule mama wa Bahi aliwahi kurudishiwa cherehani yake. Nikamwambia hapana, na sijawahi kurudi kule. Akasimama pale kama anangoja nimalizie.

Jumamosi naenda Bahi.